Kituo cha umeme "kuhamia gesi": maana yake ni ipi?

Ukisikia kituo cha umeme kimeacha makaa ya mawe na kuhamia gesi, utadhani ni jambo moja. Ni mawili, na hayafanani. Yote mawili yapo jirani kwa jirani kwenye eneo la bandari la Toronto, Kanada.

Kituo cha Richard L. Hearn kilianza kazi mwaka 1951 kikitumia makaa. Kazi yenyewe ni ya vumbi: makaa husagwa yakawa laini kama unga, yakapulizwa tanurini, moto ukachemsha maji ya boila, na mvuke ukazungusha turbaini inayoendesha jenereta. Hearn kilikua hadi megawati 1,200, kisha mwaka 1971 kikageuzwa kuchoma gesi asilia.

Kugeuza kwa namna hii ni kubadili moto, basi. Bomba la gesi huvutwa hadi tanurini na vichomeo vipya hufungwa. Boila, turbaini na jenereta hubaki zilezile. Ni sawa na kuondoa jiko la mkaa ukaweka la gesi, sufuria ikabaki ileile. Majivu hayapo tena, salfa karibu inatoweka, na kwa joto lilelile hewa ukaa hupungua kwa takribani asilimia 40. Ila mtambo ni wa zamani bado: kama theluthi moja tu ya joto ndiyo inayogeuka umeme, linalobaki huishia angani na kwenye maji ya kupozea. Cha kuchekesha, ni mwaka huohuo wa 1971, moshi ulipopungua uchafu, Hearn kilipojengewa dohani (bomba la moshi) moja ya mita 215 badala ya zile nane fupi. Kituo kilifungwa 1983. Dohani bado imesimama.

Pembeni yake kuna Portlands, kituo cha megawati 550 kilichokamilika mwaka 2009. Hapa si moto tu, mashine yenyewe ni nyingine. Gesi huchomwa ndani ya turbaini, kama injini ya ndege, na hewa inayotoka ikiwa bado na joto la mamia ya nyuzi haiachiwi ipotee. Huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha turbaini ya pili. Gesi moja, turbaini mbili. Mitambo mizuri ya aina hii hugeuza zaidi ya nusu ya joto kuwa umeme. Kinyerezi II ya Dar es Salaam nayo hufanya kazi hivyo.

Ungetarajia wengi wachague njia hii ya pili. Wapi! Marekani, kati ya 2011 na 2019, vituo 103 vya makaa vilihamia gesi. 86 vilibadili moto tu, 17 ndivyo vilivyojengwa upya. Kubadili vichomeo ni nafuu, na kwa kituo kinachowashwa saa za mahitaji makubwa tu, hesabu hiyo inaeleweka.

Hesabu ya hewa ukaa nayo haianzii tanurini. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, na inayovuja kisimani au bombani hupasha dunia joto kuliko hewa ukaa kwa mbali.

Na kituo cha umeme cha Ubungo, Dar es Salaam, je? Gesi ya Songo Songo ilifika hapo mwaka 2004, na ni kweli kituo kilihamia gesi. Lakini turbaini zake zilikuwa zikinywa mafuta ya ndege, si makaa, na hapakuwa na boila ya kuachwa wala kuondolewa.