Makaburu na daftari lao

Wanafunzi wangu wa historia ya sheria wakisikia ubaguzi wa Afrika Kusini, wanachokiona ni vile vibao vya "Wazungu Tu" kwenye mabenchi. Mimi huanza na daftari la karani. Vibao ni matawi. Shina ni Sheria ya Usajili wa Watu ya 1950.

Makaburu walishika serikali mwaka 1948 chini ya D. F. Malan, na hawakuanza na uwanja mtupu. Sheria ya Ardhi ya 1913 ilikuwa imeshawabana Waafrika kwenye takriban asilimia 7 ya nchi yao. Lakini ukitaka kutenga shule, mitaa na hata ndoa, lazima kwanza ujue nani ni nani. Hapo wakakwama. Sheria ya Usajili ikasema Mzungu ni yule ambaye kwa sura ni Mzungu dhahiri, au ambaye watu humkubali kuwa Mzungu. Yaani dola nzima, na bunduki zake zote, ilitegemea jicho la karani na maneno ya majirani! Palipokuwa na shaka, penseli ilichomekwa kwenye nywele: ikinasa, wewe si Mzungu. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuandikwa rangi mbili.

Kwa Mwafrika, daftari hilo lilihamia mfukoni. Mwaka 1952 ilipitishwa sheria ambayo jina lake lilidai inafuta pasi, yaani hati za ruhusa ambazo Mwafrika alilazimika kutembea nazo (hapa huwa nacheka, kicheko kichungu), kumbe inaleta kitabu kimoja kinene zaidi: picha, alama za vidole, saini ya mwajiri kila mwezi. Waliolazimika kukibeba walikiita dompas, pasi ya kipumbavu. Bila kibali, saa 72 zikikupita mjini unakamatwa. Wakenya ambao babu zao walivalishwa kipande, kitambulisho cha kikoloni, shingoni wataelewa upesi. Machi 21, 1960, watu wa Sharpeville waliacha pasi nyumbani wakaenda kituo cha polisi wakamatwe. Polisi wakaua 69.

Ni nini kiliuangusha mfumo huu? Wengi hutaja vikwazo, na kweli mwaka 1985 mabenki ya nje yaligoma kuongeza muda wa mikopo. Lakini mimi natazama viwanda kwanza. Vilihitaji mikono ileile ambayo sheria ilitaka irudishwe kwenye bantustani, yale maeneo waliyotengewa Waafrika. Mikono hiyo ikagoma Durban mwaka 1973. Watoto wao wakaingia barabarani Soweto mwaka 1976. Mamilioni walikamatwa kwa pasi, na bado watu walikuja mjini. Mwaka 1986 Rais P. W. Botha akazifuta sheria za pasi, Mandela akiwa bado kifungoni.

Sheria ya usajili yenyewe ilifutwa mwaka 1991, kwa namna ya ajabu: watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakupangiwa rangi, ila waliokwisha kuandikwa walibaki na zao. Hivyo hadi karibu na uchaguzi wa Aprili 1994, nyumba moja iliweza kuwa na mama mwenye rangi ya kisheria na mtoto mgongoni asiye nayo.