Siku 30 Hazingoji Nakala

Nimelisikia tena wiki iliyopita, kwenye korido ya mahakama hapa Nkrumah Road, Mombasa: "Wakili, siku zangu hazijaanza. Bado sijapewa nakala ya hukumu." Aliyesema ni mfanyabiashara, na hukumu ilisomwa yeye mwenyewe akiwa ndani. Nimechoka kulisikia, maana kila mara kuna mtu anayepoteza nyumba au duka kwa sababu yake.

Kifungu cha 79G cha Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Kenya kinataka rufaa itokayo kwa hakimu ifailiwe Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu tarehe ya amri. Tarehe ya amri, si tarehe uliyopata nakala. Kuna siku zinazotolewa kwenye hesabu, ndiyo, lakini ni zile tu ambazo mahakama ya chini imezithibitisha kwamba zilihitajika kutayarisha nakala. Huna uthibitisho, huna cha kutoa. Na memoranda ya rufaa, yaani hati ya sababu zako za kukata rufaa, haingoji mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi, uchapwe. Andika sababu zako, faili, mengine yatafuata.

Watu wanachanganya haya na Mahakama ya Rufaa, iliyo juu ya Mahakama Kuu. Huko, notisi ya rufaa, yaani taarifa kwamba unakusudia kukata rufaa, ni siku 14 tangu uamuzi, na rekodi, yaani kitabu cha nyaraka zote za rufaa, ni siku 60 baada ya notisi. Cheti cha kuchelewa, kinachoonyesha siku zilizotumika kutayarisha mwenendo, kinaokoa zile 60 peke yake, tena ikiwa uliomba mwenendo ndani ya siku 30 na mpinzani wako akapewa nakala ya barua hiyo. Zile 14 hakizigusi. Nimewaona mawakili wenzangu wakishika cheti mkononi na notisi hawakuifaili.

Ukishachelewa, unaomba kuongezewa muda. Si haki yako. Mahakama ya Juu, iliyo juu ya zote, ilisema hivyo wazi mwaka 2014 katika kesi ya Salat. Jaji ataangalia umechelewa kiasi gani, kwa nini, mwenzako ataumia vipi, na pengine kama rufaa ina uzito. Hapo kwenye "kwa nini" ndipo maombi mengi hufia. "Nilikuwa mgonjwa" haitoshi. Mgonjwa lini hadi lini?

Mama mmoja wa Likoni alinijia tarehe 26 Mei. Hukumu yake ilikuwa ya 3 Machi, kwa hiyo mwisho ulikuwa 2 Aprili. Siku 54 zimepita. "Mwanangu, nimeshachelewa?" Nikamwambia, "Umechelewa, mama. Una nini humo?" Akafungua bahasha ya kaki na kutoa barua ya kuomba nakala, ya 10 Machi, muhuri wa rejistri umevuja wino wa zambarau hadi upande wa pili. Nyuma yake alikuwa ameandika kwa kalamu kila siku aliyovuka feri kwenda kuulizia. Nakala aliipata 19 Mei. Tarehe hizo zote tuliziweka kwenye hati ya kiapo, moja moja.

Kuna jambo ambalo bado sina uhakika nalo. 79G inasema rufaa "ikubaliwe" nje ya muda. Majaji wengine wanasoma kwamba lazima uifaili kwanza, ndipo uombe ikubaliwe. Lakini katika Salat, mahakama ilikataa kuhalalisha rufaa iliyofailiwa nje ya muda kabla ya ruhusa. Wengine wanasema Salat haihusu 79G. Mimi huomba ruhusa kwanza na kuambatisha rasimu ya memoranda, na kila mara roho yangu haitulii hadi uamuzi usomwe.

Kumbuka pia kwamba ombi la muda halimzuii dalali kuja kunadi mali yako. Omba kusimamisha utekelezaji papo hapo, chini ya Agizo la 42 la Kanuni za Mwenendo wa Madai, na uwe tayari kuweka dhamana.

Mama alipewa siku 14 za kufaili rufaa yake. Tulifaili siku ya pili yake, na ile barua ya muhuri wa zambarau nilimrudishia mkononi nikamwomba asiitupe.