Je, wajua? Ganzi ya pombe huanzia vidole vya miguu, na damu haina kosa

Mtu aliyekunywa kwa miaka mingi akianza kulalamika kwamba nyayo zinawaka moto usiku, au kwamba vidole vya miguu vinamchomachoma, Moshi na Arusha jibu la haraka huwa moja: damu haitembei. Atachuliwa, ataloweka miguu kwenye maji moto yenye chumvi, ataambiwa aache kukaa sana. Pombe itatajwa mwishoni, kama itatajwa. Siku hizi swali limeongezeka tawi: je, dawa za kuchangamsha ubongo, kama zile wanazoandikiwa wenye shida ya umakini, nazo huleta ganzi? Na vinywaji vya kuongeza nguvu? Na mirungi?

Kwa pombe jibu ni ndiyo, tena kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Kwa dawa za kuchangamsha ni mara chache, na kwa kawaida si kwa kuharibu mshipa wa fahamu wenyewe.

Lakini tuanze na hiyo damu, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Weka vidole viwili kwenye mgongo wa wayo wa mgonjwa, yaani upande wa juu, kwenye mstari unaopanda kutoka kati ya kidole gumba na kidole cha pili, nusu ya njia kuelekea kifundo. Bonyeza kidogo tu, ukikandamiza sana utaua mpigo. Wapo watu ambao mpigo wa hapo hausikiki tangu kuzaliwa. Kwao tafuta nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo. Kisha minya ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi ikirudi ndani ya sekunde mbili hivi, damu inafika (Julai ya Arusha inaweza kuichelewesha, kwa hiyo pasha mguu joto kwanza kwa blanketi). Kwa mnywaji anayelalamika ganzi, mara nyingi mpigo upo, wayo ni wa moto, ukucha una rangi nzuri. Na ganzi iko palepale.

Mguu wenye njaa ya damu una tabia nyingine. Unauma kwenye msuli wa shavu la mguu wakati wa kupanda mlima wa Kibosho, mwenyewe akisimama dakika chache unatulia, akianza kupanda unauma tena. Ganzi ya mishipa ya fahamu hufanya kinyume chake: mchana kazini inavumilika, usiku kitandani ndipo inawaka, na hata shuka likigusa vidole ni kero. Mwenye kisukari anaweza kuwa na matatizo yote mawili kwa pamoja, kwa hiyo kipimo cha ukucha hakimalizi kesi yake.

Hata ile ganzi ya kukunja miguu jamvini, ambayo kila mtu anaijua, kwa sehemu kubwa si habari ya damu ya mguu mzima. Pembeni mwa goti, upande wa nje, chini kidogo, kuna kinundu cha mfupa. Neva, yaani mshipa wa fahamu, inapita juu yake ikiwa karibu kabisa na ngozi. Ukiibana, nyuzi zake hunyamaza. Ukinyoosha mguu, zinaamka ovyo na kupiga kelele zote kwa wakati mmoja. Damu ina mkono wake hapo, ila ni ile ya vimishipa vidogo sana vinavyolisha neva yenyewe, maana navyo vimebanwa.

Njia ya kwanza ya pombe ni hiyohiyo ya kubanwa, na huchukua usiku mmoja tu. Mtu amelewa, amesinzia baa mkono ukiwa umening'inia nyuma ya kiti. Neva kubwa ya mkono huzunguka nyuma ya mfupa wa juu wa mkono, na hapo ukingo wa kiti unaiminya. Asiyelewa angejigeuza baada ya dakika chache. Mlevi hajigeuzi. Asubuhi kiganja kimelegea, hawezi kukiinua, na ngozi ya nyuma ya mkono, kati ya gumba na kidole cha shahada, imekufa ganzi. Nyumbani wanahaha kwamba ni kiharusi. Kama uso haujapinda, maneno yanatoka sawasawa na mguu una nguvu, huenda ni neva iliyobanwa, lakini daktari ndiye athibitishe, siku hiyohiyo. Wengi hupona ndani ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu. Kinachohitajika ni banzi la kushikilia kiganja kisining'inie na mazoezi, kwa sababu viungo vilivyoachwa hivihivi hukakamaa.

Njia ya pili ni ya miaka, na hapo ndipo swali la vidole vya miguu linapopata jibu. Fikiria mfongo, mfereji wa asili wa Kilimanjaro. Maji hutolewa mtoni juu, yanapita kihamba baada ya kihamba, mpaka shamba la mwisho huko chini. Maji yakipungua kwenye banio, wa juu hajui kama kuna shida; anamwagilia migomba yake kama kawaida. Wa mwisho ndiye anayekauka wa kwanza, hata kama shamba lake halina kasoro yoyote. Neva ya kidole cha mguu ndivyo ilivyo. Seli yake, yaani chembe yenye uhai, iko kando ya uti wa mgongo, chini ya kiuno, na upana wake haufiki milimita moja. Kutoka hapo uzi mmoja unateremka nyongani, pajani, hadi kidoleni, kama mita moja hivi kwa mtu mzima. Protini nyingi za kuutengeneza uzi huo hutengenezwa juu, kisha husafirishwa ndani kwa ndani. Mizigo ya haraka hukimbia hadi milimita 400 kwa siku, yaani siku mbili na nusu kufika. Mizigo ya polepole, ambayo ndiyo mingi, huenda milimita moja au chache kwa siku. Kwa milimita moja, mita nzima ni karibu miaka mitatu.

Usafirishaji huo hula nishati, na sehemu kubwa ya nishati haitoki kwenye sukari bila vitamini B1, yaani thiamini. Mwili hutunza takriban miligramu 30 tu, na mahitaji ni miligramu 1.2 kwa siku kwa mwanaume na 1.1 kwa mwanamke. Ulaji ukikatika, akiba inaisha ndani ya wiki mbili tatu. Pombe hupunguza kufyonzwa kwa thiamini tumboni, ini lililochoka linaitunza vibaya, na mnywaji mwenyewe anashiba bia badala ya maharage. Hata ugali wake unachangia: dona hubaki na kiini na pumba zenye thiamini, sembe iliyokobolewa imepoteza sehemu kubwa. Juu ya hayo, pombe yenyewe na kemikali inayotokana nayo ini linapoivunja huvuruga njia za ndani ya uzi. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana mkosaji ni yupi. Sasa inaonekana ni wote wawili: wapo wanywaji wenye thiamini ya kutosha wanaopata ganzi ya maumivu inayotambaa polepole, ilhali upungufu wa thiamini peke yake huja kwa kasi na kulegeza misuli.

Ndiyo maana ganzi hii huanzia vidoleni, miguu yote miwili, kisha unyayo, kisha kifundo. Ikikaribia magoti ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza, kwa kuwa njia ya kufika huko ina urefu unaokaribiana. Mguu mmoja tu ukifa ganzi, usikimbilie kuilaumu pombe. Tafuta mahali neva ilipobanwa, kiuno kikiwa cha kwanza. Mfano wa mfereji unaishia hapa. Mfongo ukizibuliwa, maji yanarudi siku hiyohiyo. Uzi wa neva uliokosa huduma hufa kuanzia nchani, na ukiota tena huota kama milimita moja kwa siku.

Kiasi gani kinadhuru? Hakuna mstari uliochorwa. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe halisi, na madhara huonekana zaidi kwa wanaofikia gramu 100 kwa siku, yaani tano kama hizo, kwa miaka. Wapo wanaosema mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga, haihusiki kwa kuwa ina ulezi ulioota, na ulezi una thiamini. Hoja ni tamu kuliko ushahidi wake. Gongo, pombe kali ya kienyeji, nayo hushutumiwa kwa methanoli, na ni kweli methanoli ni sumu ya kutisha, lakini shabaha yake kuu ni neva ya jicho. Hupofusha, tena inaweza kuua. Vidole vya miguu si kazi yake.

Sasa dawa za kuchangamsha. Metilfenideti na jamii ya amfetamini hubana mishipa midogo ya damu, na maelezo ya dawa hizo yanaonya kwamba vidole vinaweza kuwa vyeupe, kisha bluu, kisha vyekundu, vikichomachoma. Ajabu ni kwamba hapa, kwa mara moja, wazee wa "damu haitembei" wako sahihi. Aliyeandikiwa dawa hizo amweleze daktari apunguze au abadilishe, asiziache kimyakimya. Mirungi, iliyo haramu kwa sheria ya Tanzania, ina kemikali ya ukoo huohuo. Kafeini haiui neva, ila anayezidisha anaweza kuingiwa na wasiwasi na kuhema haraka. Kuhema kupita kiasi hutoa hewa ya kaboni nyingi mno, damu inapungua asidi, kalisi iliyo huru inapungua, neva zinakuwa nyepesi kushtuka: midomo na vidole vya mikono vinachomachoma, na vinatulia pumzi ikitulia. Anayehisi wadudu wanatembea chini ya ngozi baada ya kuzidisha amfetamini, hilo ni la ubongo.

Wapagazi na waongozaji wa Moshi wanajua mchomo mwingine unaofanana: wa wageni wanaomeza asetazolamidi, dawa ya kujikinga na ugonjwa wa mwinuko, mara nyingi miligramu 125 asubuhi na jioni. Vidole vinachomachoma, na soda au bia ya kusherehekea inaonekana haina ladha, kwa sababu dawa huzuia kimeng'enya kilekile kinachotufanya tuhisi gesi ulimini. La kufurahisha ni kwamba dawa hii huongeza asidi kwenye damu, kinyume kabisa cha kuhema haraka, na bado inachomachoma. Maelezo ya mstari mmoja hayatoshi kwa yote.

Kosa la duka la dawa ni vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 kununuliwa mwezi baada ya mwezi bila kipimo. Mahitaji ya B6 ni chini ya miligramu 2 kwa siku. Vidonge vingine vina 100 hadi 200, na B6 ikizidi kwa muda mrefu huleta ganzi ileile unayoitibu. Lakini anayemeza isoniazidi ya kifua kikuu huhitaji B6, kwa kawaida miligramu 10 hadi 25, hasa akiwa mnywaji. Metformini, dawa ya kisukari, hupunguza B12. Kwa hiyo kabla ya kidonge, pima sukari, B12 na virusi vya UKIMWI, na mwambie mhudumu kiasi halisi unachokunywa. Na mguu wenye ganzi usiusogeze karibu na jiko la mkaa: utaungua bila kujua, na kidonda utakiona kesho yake.

Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Kuacha kwenyewe huweza kuleta mwasho na michomo, na degedege huweza kutokea ndani ya siku mbili za kwanza. Hospitali humpa thiamini, na akiwa amechanganyikiwa au anayumba hata akiwa hajalewa, huchomwa sindano yake bila kusubiri majibu ya maabara, kabla au pamoja na dripu ya sukari. Ganzi inayopanda miguu kwa siku chache ikilegeza misuli, au inayokuja na kushindwa kuzuia mkojo, haingoji miadi. Ya upande mmoja, mdomo ukiwa umepinda na maneno yakikwama, ihesabiwe kiharusi na mgonjwa apelekwe saa hiyohiyo, hata kama ananuka pombe na kila mtu baa anasema amelewa tu.