Familia iliyojificha haikukaa pamoja

Nahariri riwaya za kihistoria, na miswada ya Vita vya Pili vya Dunia ndiyo inayonifikia kwa wingi kuliko yote. Mwandishi akichagua familia ya Kiyahudi iliyonusurika Uholanzi, karibu kila mara nitakuta dari kabla sijafika sura ya nne. Baba, mama na watoto wamebanana chini ya paa, kabati la vitabu limeziba mlango, na usiku buti za askari zinapanda ngazi. Najua dari hiyo imetoka wapi. Kisa cha Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara yake akiwa mafichoni Amsterdam, kimeenea mno hivi kwamba tukisikia habari za Wayahudi waliojificha, akili inakimbilia nyumba ile moja.

Nami nyumba ile ndiyo inayonipa taabu. Otto Frank, baba yake Anne, alikuwa na biashara yake, jengo lenye sehemu ya nyuma isiyoonekana kutoka barabarani, na wafanyakazi waliokubali kubeba hatari kwa ajili yake. Maficho aliyaandaa mapema. Familia nyingi za Kiyahudi hazikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Walioishi humo walifikia watu 8, kuanzia Julai 1942 hadi Agosti 4, 1944 walipokamatwa, na aliyerudi kutoka kambini ni Otto peke yake. Mwandishi anataka kusimulia kunusurika, halafu anaazima ramani ya nyumba ambayo watu wake 7 kati ya 8 waliangamia.

Uholanzi ilikuwa na Wayahudi wapatao 140,000 Wajerumani walipoivamia Mei 1940. Zaidi ya 100,000 waliuawa, takriban robo tatu yao wote, na hakuna nchi nyingine ya Ulaya magharibi iliyopoteza sehemu kubwa kiasi hicho. Waliojificha wanakadiriwa kuwa 28,000 hivi, na kama 16,000 kati yao waliuona mwisho wa vita. Familia nyingi zilizojificha zilitawanyika. Baba huku, mama kule, watoto kila mmoja na wenyeji wake, na mara nyingi kila mtu alihamishwa maficho zaidi ya mara moja.

Sababu zake si ngumu kuelewa ukijiweka upande wa mwenye nyumba. Kumpokea mtoto mmoja mwenye nywele za manjano unaweza. Utawaambia majirani ni yatima wa Rotterdam, mji ulioteketezwa kwa mabomu Mei 14, 1940. Kumpokea mwanamume wa miaka 40 asiyeweza hata kusogea dirishani ni jambo jingine kabisa. Kupokea watu watano kwa mkupuo ni kujitafutia kifo wewe na wanao. Wazazi nao walipiga hesabu yao: tukiwa pamoja, msako mmoja unatumaliza wote.

Kwa hiyo ninachowaambia waandishi ni kwamba riwaya ya familia iliyonusurika Uholanzi ni riwaya ya familia isiyokutana. Ukilikubali hilo, kitabu kizima kinabadilika, kuanzia nani anasimulia hadi nini kinausogeza mkasa mbele. Buti za askari zinapungua. Yanaongezeka makaratasi.

Na makaratasi yalianza mapema. Januari 1941 utawala wa Wajerumani uliamuru kila mtu mwenye babu au bibi wa Kiyahudi ajiandikishe. Karibu wote walijiandikisha. Msomaji wa leo anashangaa, lakini ofisi walizokwenda zilikuwa zile zile za Kiholanzi walizokuwa wakiandikisha vizazi na ndoa, na karani alikuwa yule yule. Mwaka huo huo kikatoka kitambulisho kipya, chenye picha na alama ya kidole. Kilibuniwa na afisa wa Kiholanzi, Jacob Lentz, ambaye hakuwa Mnazi wa chama. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyependa kazi iliyonyooka, na kitambulisho chake kilikuwa kati ya vigumu kughushi Ulaya nzima. (Mhusika wa aina hiyo ananitisha kuliko askari yeyote anayepiga kelele, na sijui kwa nini waandishi wanamkwepa.) Cha Myahudi kiligongwa herufi J kubwa nyeusi. Mei 1942 ikaja nyota ya manjano ya kushonwa kwenye nguo. Kila nyota waliinunua kwa senti 4, na walipoichukua walikatwa pia kuponi ya mgawo wa nguo.

Hiyo kuponi naomba isipite hivi hivi. Mtu alilipia kwa mgawo wake mwenyewe kitambaa kitakachomfanya akamatwe. Sentensi moja kama hiyo, ikikaa mahali pake, inafanya kazi ya kurasa kumi za mateso.

Julai 1942 wito wa "kazi Ujerumani" ulianza kufika majumbani, na katikati ya mwezi huo treni ya kwanza ikatoka Westerbork, kambi ya kupitishia wafungwa nchini Uholanzi, kwenda kambi ya mauaji ya Auschwitz. Kwa muda mrefu treni hizo ziliondoka Jumanne. Waandishi wengi wanazijua tarehe hizi, sina la kuongeza.

Ninalotaka waandishi walijue vizuri zaidi ni chakula, maana hapo ndipo mkasa wenyewe ulipo. Uholanzi ya vita ilikula kwa mgawo. Kila aliyeandikishwa alikuwa na kadi ya msingi. Akiionyesha kwenye ofisi ya mgawo anapewa karatasi za kuponi za kipindi hicho: mkate, siagi, nyama, sabuni, viatu. Dukani ulitoa pesa na kuponi, vyote viwili. Mwenye duka hakuzitupa kuponi zile. Alizibandika kwenye karatasi, akazirudisha ofisini, na kwa hesabu hiyo akaruhusiwa kuagiza bidhaa nyingine. Waliokuwa watu wazima Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliopanga foleni ya sukari kwa orodha ya kaya, watauelewa utaratibu huu upesi kuliko vijana wao.

Sasa mtie mtu wa mafichoni kwenye hesabu hiyo. Hana kadi, au anayo lakini akiionyesha anakamatwa. Hata mwoka mikate akiwa mtu mwema vipi, kila mkate anaokupa bila kuponi unatoboa tundu kwenye hesabu zake, na matundu yakizidi anakosa unga. Kwa hiyo mtu mmoja darini anahitaji kuponi za kweli kila kipindi, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka miwili au mitatu. Hapo ujasiri peke yake haufui dafu, unahitaji mpango.

Mpango ulikuwepo. Mwishoni mwa 1942 Helena Kuipers-Rietberg, mama wa watoto watano kutoka Winterswijk, pamoja na mchungaji Frits Slomp, walianzisha mtandao wa kusaidia watu wa mafichoni uliojulikana kwa herufi LO. Ulikua ukaenea nchi nzima. Kuponi zilipopungua, vikundi vyenye silaha vilivamia ofisi za mgawo na kubeba kadi kwa maelfu. Kwingine makarani wenyewe walizitoa kimyakimya. Wajerumani walipoona, wakaleta kadi mpya ya msingi katika baridi ya 1943 kuingia 1944, ya kuchukuliwa na mwenyewe akiwa na kitambulisho mkononi. Lengo lilikuwa kuwakosesha chakula wa mafichoni hadi watoke. Mtandao ukajibu kwa kughushi na kupora zaidi. Kuipers-Rietberg mwenyewe alikamatwa 1944 na kufia kambi ya Ravensbrück.

Kutoka ofisi hadi darini, kuponi ilibebwa na mtu, na mtu huyo ndiye ninayemtafuta kwenye kila muswada na simpati. Mara nyingi alikuwa msichana wa miaka 18 hadi 25, juu ya baiskeli. Wanaume wa umri wake walikuwa wakisimamishwa njiani na kupelekwa kazi za lazima Ujerumani, yeye alipita. Kuponi alizishona ndani ya nguo au alizilaza chini ya godoro la kigari cha mtoto. Alileta pia pesa za pango, maana wenyeji wengi walilipwa, na habari.

Tazama anavyokaa ndani ya riwaya. Tuseme mama ameajiriwa Amsterdam kama mtumishi wa nyumbani, kwa kitambulisho cha kughushi. Baba yuko kwa mkulima karibu na Winterswijk, analala ndani ya nyasi kavu. Binti mwenye nywele nyepesi amepelekwa Friesland, kaskazini. Mdogo wake mwenye nywele nyeusi Limburg, kusini kabisa, kwa wachimba makaa, kwa sababu huko nywele za rangi hiyo hazikushangaza mtu. Mama hajui anwani ya mtoto hata mmoja. Hajaambiwa makusudi, ili akiteswa asiwe na la kusema. Anayejua walipo wote ni msichana wa baiskeli na wenzake. Anafika kwa mama, anatoa kuponi, anasema, "Binti ameota jino jipya." Mama anauliza ni jino la wapi. Msichana hakuangalia. Karatasi yenye mwandiko wa binti inasomwa mara mbili na kutiwa kwenye jiko, na msichana haondoki mpaka aione imeungua.

Humo mna kila kitu anachotafuta mwandishi wa dari: woga, mapenzi, siri. Na hakuna askari hata mmoja kwenye chumba.

Kwa watoto waliokamatwa Amsterdam pamoja na wazazi wao, njia ilipitia barabara moja. Ukumbi wa michezo wa Hollandsche Schouwburg ulifanywa mahali pa kukusanyia watu kabla ya Westerbork, na watoto wadogo waliwekwa ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha kulelea watoto kilichoongozwa na Henriëtte Pimentel. Walter Süskind, Myahudi aliyepewa usimamizi wa ukumbini, alifuta majina ya watoto kwenye orodha. Johan van Hulst, mkuu wa chuo cha ualimu cha jirani, aliwapokea kupitia bustani ya nyuma. Tramu iliposimama katikati, mlinzi wa upande wa pili hakuona kitu, na mtu aliyebeba mtoto alitoka na kutembea sambamba nayo. Watoto wapatao 600 waliokolewa hivyo. Pimentel na Süskind hawakunusurika. Kila mtoto alitoka kwa ridhaa ya mzazi aliyebaki ukumbini akijua treni inamsubiri. Mwandishi akiniandikia sura ya kituo hiki bila mazungumzo hayo ya ridhaa, namrudishia.

Narudisha pia miswada yenye wenyeji watakatifu. Walikuwepo wema kupita kiasi, lakini walikuwepo pia waliopandisha bei ya chumba pesa za mgeni zilipokuwa zikiisha, waliogombana na mgeni jikoni, na waliompenda mtoto kiasi cha kuombea kimoyomoyo mama yake asirudi. Upande mwingine walikuwepo wawindaji. Kikosi cha Henneicke, Waholanzi watupu, kililipwa gilda 7.50 kwa kila Myahudi kiliyemfikisha, na kwa miezi michache ya 1943 kilikamata maelfu. Bei hiyo naipenda iandikwe kwa tarakimu, kama ilivyoandikwa kwenye risiti.

Familia iliyotawanyika haikombolewi siku moja, na hapa waandishi wa dari wanapoteza sura nzuri kuliko zote. Kusini mwa Limburg majeshi ya Washirika yalifika Septemba 1944. Mdogo wetu wa Limburg yuko huru, anakula chokoleti ya Wamarekani, wakati mama yake Amsterdam anaingia baridi ya njaa, ambapo mgawo ulishuka chini ya kalori 500 kwa siku na watu wakala vitunguu vya maua ya tulipu. Takriban watu 20,000 walikufa. Kati ya mama na mwana sasa kuna mstari wa mbele wa vita, baiskeli haivuki. Friesland ilikombolewa Aprili 1945, Amsterdam ikasubiri Mei. Kwa miezi saba, minane, ndugu hawa wanaishi katika vita viwili tofauti.

Halafu wanakutana, na yule mdogo aliyeondoka na miaka mitatu ana miaka sita, anasali Kikristo kabla ya kula, na mgeni mwembamba mlangoni anamwita kwa jina asilolitambua. Wazazi ambao hawakujitokeza mapema waliweza kupoteza haki juu ya watoto wao, kwa sheria ya Agosti 1945 iliyounda tume ya kuamua hatima ya watoto wa vita.

Makaratasi hayakuishia kwa watoto. Ardhi nyingi za Amsterdam ni mali ya jiji, na mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja. Wakati Wayahudi wenye nyumba wakiwa kambini au mafichoni, nyumba zao zilikaliwa na wengine, mara nyingi wafuasi wa Wanazi, na kodi haikulipwa. Waliorudi walikuta madai ya malimbikizo, pamoja na faini ya kuchelewa kulipa. Barua za madai hayo ziliibuliwa na mwanafunzi kwenye nyaraka za jiji na kujulikana hadharani 2013. Mwaka 2016 jiji likaamua kutoa yuro milioni 10 kwa jamii ya Wayahudi.

Kwenye muswada nilio nao mezani sasa, familia ni ya wapangaji. Nimemwomba mwandishi awanunulie nyumba katika sura ya pili, ili ankara hiyo iwe na mahali pa kufikia.