Mbongeni Ngema, mwigizaji aliyejitengenezea kundi

Ukimtajia mtu wa Dar es Salaam au Nairobi jina Sarafina, atakumbuka filamu ya 1992, Whoopi Goldberg akiwa mwalimu na Leleti Khumalo mwanafunzi. Mimi nafundisha uigizaji wa kuimba na kucheza, na nikiulizwa mwigizaji anafikaje kwenye utayarishaji, humtaja aliyeitunga hadithi ile kwa ajili ya jukwaa: Mbongeni Ngema wa Afrika Kusini, aliyezaliwa Verulam, karibu na Durban, mwaka 1955, na kufariki kwa ajali ya gari Desemba 2023.

Shule yake ilikuwa kundi la Gibson Kente, mzee wa Soweto aliyezungusha michezo ya muziki katika kumbi za vitongoji vya Waafrika. Humo ndimo alimokutana na Percy Mtwa. Wawili hao wakaondoka, wakaanza kutunga mchezo wao, kisha mwongozaji Barney Simon wa ukumbi wa Market Theatre, Johannesburg, akaungana nao kuukamilisha. Mwaka 1981 ukatoka Woza Albert!, ambamo Yesu anarudi duniani na kuteremkia nchi ya ubaguzi wa rangi.

Huu ndio mchezo ninaokaa nao darasani muda mrefu kuliko yote. Waigizaji ni wawili tu, vifua wazi, na makasha mawili ya chai. Mwanzoni kabisa wanakuwa bendi ya jazi kwa midomo na mikono yao. Mara mmoja anavaa pua bandia ya rangi ya waridi, na papo hapo ni polisi mzungu anayedai pasi, kibali ambacho Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho, huku mwenzake akijitetea asikamatwe. Pua ikishushwa shingoni, polisi hayupo tena. Wengi wanaona hapo kipaji cha mwigizaji, na ni kweli. Mimi naona pia hesabu za mtayarishaji: mchezo wa namna hii hauhitaji lori wala mafundi wa jukwaa, na unaingia ukumbi wowote. Ulisafiri hadi Ulaya na Marekani.

Baadaye Ngema akaanzisha kundi lake, Committed Artists, akachukua vijana wasio na mafunzo na kuwafunza mwenyewe sauti, kucheza na kuigiza. Ukaja Asinamali!, wa wafungwa watano, halafu mwaka 1987 Sarafina!, ambao baadhi ya nyimbo zake zilitungwa na mpiga tarumbeta Hugh Masekela, aliyekuwa uhamishoni. Mwezi Januari 1988 vijana wale walikuwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo za New York. Mchezo ulionyeshwa mara 597 na kupendekezwa kwa tuzo tano za Tony, zinazotolewa kwa michezo ya Broadway. Kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa ya maisha yake: alitayarisha waigizaji kwanza, mchezo ukafuata.

Sarafina II nayo lazima isemwe. Mwaka 1995 Wizara ya Afya ilimpa mkataba wa zaidi ya randi milioni 14 kwa mchezo wa kuelimisha kuhusu UKIMWI. Uchunguzi ukakuta kwamba taratibu za zabuni hazikufuatwa, na mwaka 1996 mradi ukasitishwa. Wanafunzi huniuliza kosa lilikuwa la msanii au la wizara. Huwajibu kwamba mkataba husainiwa na pande mbili, na mtayarishaji anapaswa kujua fedha zimeidhinishwa na nani kabla hajaajiri hata mpiga ngoma mmoja.