Je, wajua? Wanaopanda pikipiki kwa raha wanakula wapi?

Jumapili moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa sheli moja Barabara ya Bagamoyo nikisubiri kujaza mafuta. Zikaingia pikipiki kumi na moja kwa mpigo. Si hizi tulizozizoea. Moja ilikuwa na injini ya cc 1,200, yaani Boxer 150 nane ukizijumlisha ndiyo unaifikia. Wenyewe wamevaa majaketi mazito, glavu, na mabuti yanayokaribia magoti. Kijana wa bodaboda aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni akawatazama weee, kisha akanigeukia.

"Kaka, sasa hawa abiria wanawapakia wapi?"

Nikamwambia hawapakii abiria. Basi wanapeleka mzigo? Hapana. Wanakwenda Bagamoyo, wakifika wanakunywa chai, halafu wanarudi. Akatikisa kichwa kwa masikitiko kabisa.

"Sasa wanakula wapi?"

Ni swali halali. Kwetu pikipiki ni kazi. Hata jina bodaboda lilizaliwa kazini, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka boda hadi boda. Pikipiki isiyoleta hesabu jioni ni kama ng'ombe asiyetoa maziwa. Mtu anayelisha chombo badala ya chombo kumlisha yeye lazima awe na chungu kingine jikoni. Kwa hiyo nikasogea na kuuliza. Wa kwanza alikuwa daktari wa meno. Aliyepiga magoti kukaza kioo kilicholegea kwa spana namba kumi alikuwa fundi umeme. Mwenye pikipiki kubwa kuliko zote, niliyedhani ni mfanyabiashara wa Kariakoo, alikuwa mwalimu wa kemia, mama wa watoto watatu.

Utaukuta mchanganyiko huu karibu kila mahali ambako watu hupanda pikipiki kwa mapenzi tu. Sababu yake ni rahisi kuliko inavyoonekana. Pikipiki ya raha inadai pesa, inadai mikono inayojua spana, na inadai muda, na ni kazi chache sana duniani zinazokupa vyote hivyo pamoja. Daktari wa meno ana pesa, lakini kubadilisha cheni hawezi. Fundi anaweza kuishusha injini na kuipandisha gizani, ila tairi moja la pikipiki kubwa linakula mshahara wake. Mtu wa zamu ana siku nzima katikati ya wiki na hana wa kutembea naye. Ukiwaweka kwenye kundi moja, kila mmoja anajaza pengo la mwenzake. Ndiyo maana pale sheli fundi umeme ndiye aliyekuwa chini akikaza kioo, na kioo chenyewe kilikuwa cha daktari.

Katika vitu hivyo vitatu, mimi naipa mikono nafasi ya kwanza, na shahidi wangu ni mzee mmoja wa New Zealand.

Burt Munro alizaliwa mwaka 1899 karibu na mji wa Invercargill, kusini kabisa mwa nchi hiyo. Mwaka 1920 alinunua pikipiki aina ya Indian Scout ambayo ilipotoka kiwandani ilikuwa haivuki sana kilomita 90 kwa saa. Munro hakuwa tajiri. Kwa miaka mingi mchana aliuza pikipiki za watu na kuzitengeneza, usiku alirudi kwenye yake, na yake hiyo aliishughulikia kwa miaka zaidi ya arobaini. Pistoni alizifinyanga mwenyewe kwa kuyeyusha vyuma na kumimina kwenye makopo. Konrodi, yaani mikono ya chuma inayoshika pistoni, alizichonga kwa mkono kutoka kwenye ekseli ya trekta. Kilichovunjika hakukitupa, alikipanga kwenye rafu bandani kwake, na juu ya rafu aliandika kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa mwendo. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliipeleka pikipiki ile ile kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah nchini Marekani, akapita kwa kasi ya kilomita 296 kwa saa na kuweka rekodi ya dunia ya injini zisizozidi cc 1,000. Angekuwa na pesa za kununua pistoni mpya, huenda asingejua kuzitengeneza.

Lakini kama unataka kuona wapenda pikipiki na kazi zao mahali pamoja, nenda Kisiwa cha Man. Ni kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ireland, chenye bunge lake na sheria zake. Sheria hizo ndizo zilizoleta mbio pale. Mwanzoni mwa karne iliyopita Uingereza ilikataza kufunga barabara za umma kwa ajili ya mashindano, na mwendo uliwekewa kikomo cha maili 20 kwa saa. Kisiwani walikubali kufunga. Mbio za pikipiki zinazoitwa TT zikaanza mwaka 1907, na mpaka leo zinakimbiwa kwenye barabara zile zile ambazo siku za kawaida hupita basi la shule: katikati ya kuta za mawe, nguzo za simu na milango ya nyumba za watu. Mzunguko mmoja ni karibu kilomita 61, unapanda mlima na kushuka. Mwaka 2023 Peter Hickman aliumaliza kwa wastani wa kilomita 219 kwa saa. Wastani, kona zote zikiwemo. Waliokufa kwenye barabara hiyo tangu mwaka 1911 wamevuka 260.

Ungedhani watu wanaojiweka kwenye hatari hiyo wanalipwa kama wachezaji wa mpira. Wachache wana timu za kiwanda. Waliobaki wanajigharimia, wanaomba likizo kazini mwishoni mwa Mei, wanapakia pikipiki na vipuri kwenye gari, wanapanda feri. Wiki mbili zikiisha wanarudi kuchomelea, kulima, kuzibua bomba la choo la mteja.

Hata majina makubwa yametokea huko huko. John McGuinness, aliyeshinda TT mara 23, alianza maisha kama fundi mwashi, na aliwahi kuokota kome kwenye matope ya ghuba ya Morecambe ili apate pesa. Guy Martin, ambaye Uingereza wanamjua mpaka wasiopenda pikipiki kwa sababu ya vipindi vyake vya televisheni, ni fundi wa malori Lincolnshire. Alipanda jukwaa la watatu bora TT mara 17 bila kushinda hata mara moja. Mwaka 2015 alianguka vibaya Ireland Kaskazini, akavunjika mifupa ya mgongo, na alipopona alirudi chini ya malori. Nadhani kwake malori si kazi ya kungojea mbio, ni kinyume chake.

Halafu yuko Joey Dunlop, na hapa nitakaa kidogo. Alikuwa mwenye baa mjini Ballymoney, Ireland Kaskazini. Mtu mpole, mwenye haya, asiyependa vipaza sauti. Alishinda TT mara 26, rekodi iliyosimama mpaka mwaka 2024 ilipovunjwa na Michael, mtoto wa mdogo wake. Wakati wa baridi, mbio zikisimama, Joey alikuwa akijaza gari lake vyakula na nguo na kuendesha peke yake mpaka Romania, na baadaye Bosnia, kuwapelekea watoto yatima. Medali ya pili aliyopewa na Malkia, mwaka 1996, ilitolewa kwa safari hizo. Mwezi wa Juni 2000, akiwa na miaka 48, alishinda mbio tatu za TT ndani ya wiki moja. Mwezi uliofuata alifariki kwenye mbio ndogo Tallinn, Estonia, barabara ikiwa na maji.

Tumeona mikono. Muda nao una watu wake, na wengi wanafanya kazi hospitalini. Kazi ya zamu inakuchosha, lakini inakupa asubuhi ya Jumatano ambayo wenzako wa ofisini hawaijui. Bessie Stringfield, mwanamke mweusi wa Marekani, alianza kuvuka nchi hiyo kwa pikipiki miaka ya 1930, wakati hoteli nyingi hazikumpa mtu mweusi chumba. Kwa maelezo yake mwenyewe, akikosa pa kulala alijilaza juu ya pikipiki kwenye kituo cha mafuta, jaketi kalikunja na kuliweka kwenye usukani kama mto. Baadaye aliishi Miami akifanya kazi ya uuguzi, na mji ukamwita malkia wa pikipiki. Upande wa pili wa nchi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Oliver Sacks alikuwa daktari kijana wa mishipa ya fahamu Los Angeles. Ijumaa akitoka kazini aliwasha pikipiki na kukanyaga usiku kucha, kilomita zipatazo 800, ili jua limkute Grand Canyon. Jumatatu yuko na wagonjwa. (Na alikuwa mnyanyua vyuma wa rekodi ya jimbo. Watu wengine Mungu amewapa saa za ziada.)

Uingereza kuna vikundi vimegeuza muda huo kuwa msaada. Usiku hospitali ikihitaji damu kutoka benki iliyo mji mwingine, anayeibeba mara nyingi ni mtu wa kujitolea kwenye pikipiki, asiyelipwa hata senti. Wanabeba damu, sampuli za maabara, hata maziwa ya mama kwa watoto njiti. Zamu inaanza jioni, watu wakitoka kazini, na kuisha alfajiri. Mtu anaweza kupeleka chupa za damu saa nane usiku na saa tatu asubuhi akawa ofisini anapiga miayo mbele ya kompyuta.

Basi ile picha ya mpanda pikipiki kuwa mhuni imetoka wapi? Kwa sehemu kubwa imetoka mji mmoja wa California, Hollister, Julai 1947. Vita vimekwisha, wanajeshi wamerudi, pikipiki zimejaa. Maelfu walifurika kwenye kamji kale wikiendi ya sikukuu, wakalewa, wakakimbizana mitaani. Jarida la Life likatoa picha ya mwanamume ameketi juu ya pikipiki huku chupa za bia zimetapakaa chini yake. Picha moja ikamaliza kazi. Mpaka leo, mama wa kemia akivua helmeti sheli, watu wanageuka mara ya pili.

Yote haya sikuyamwaga kwa yule kijana wa bodaboda, foleni isingeniruhusu. Nilimwambia tu: yule wa meno, yule wa umeme, yule mwalimu. Akawatazama tena, safari hii kwa jicho la fundi, akaona kasoro kwenye cheni ya pikipiki moja ambayo ilikuwa imelegea na mwenyewe hajui. Nikamuuliza, na yeye Jumapili akipumzika, hupanda kwenda wapi?

"Mimi?" Akacheka. "Jumapili ya kupumzika hiki kitu nampa mdogo wangu. Sitaki hata kukisikia. Mimi nakwenda kuvua, Kunduchi pale, na mshipi wangu."

Simu yake ikaita, abiria Tegeta na ndoo mbili za samaki. Akapiga kiki, akaondoka.