Je, wajua? Neno "alleged" halimkingi mwandishi wa habari

Kwa muda mrefu niliamini kwamba neno la Kiingereza "alleged", ambalo vyumba vyetu vya habari huligeuza "anadaiwa" au "inadaiwa", ni kama helmeti ya bodaboda: ukishaivaa, hata ukianguka kichwa ni salama. Ukitaka kuandika kwamba fulani ameiba, andika "anadaiwa kuiba", umemaliza. Kisha mhariri mmoja akanirudishia habari yenye "inadaiwa" saba na swali moja pembeni: "Nani anadai?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesikia tu.

Sheria, walau katika nchi zilizorithi mfumo wa Kiingereza kama Kenya, Tanzania na Uganda, haiitambui helmeti hiyo. Congo na Burundi zina mizizi mingine ya kisheria, kwa hiyo haya yasichukuliwe kuwa yanazihusu.

Chukua muuza maziwa wa mtaani kwenu. Mtu wa kwanza anasema: "Anatia maji kwenye maziwa." Wa pili, mwangalifu zaidi, anasema: "Inadaiwa anatia maji kwenye maziwa." Kesho asubuhi chungulia ndoo yake. Waliosikia kauli ya kwanza wamehamia kwa muuzaji mwingine. Waliosikia ya pili wamehamia pia, isipokuwa mmoja au wawili wanaoendelea kununua huku wakionja kwa mashaka. Hasara ni ileile, na hasara hiyo ndiyo mahakama huitazama.

Sasa tuseme gazeti limeandika kauli ya pili na muuza maziwa amelishtaki. Gazeti linaleta majirani kumi, wote wanaapa kwamba ni kweli walikuwa wakisema hivyo. Nami ningedhani kesi imekwisha. Kumbe haijaanza. Mahakama haitaki kujua kama majirani walisema. Inataka kujua kama maji yalikuwamo. Ni kama noti bandia ya 10,000: ukiipeleka dukani, hujitetei kwa kuthibitisha kwamba na wewe ulipewa. Kila anayeirudia tuhuma huhesabiwa kana kwamba ameitamka mwenyewe. Jaji Lord Devlin wa Uingereza aliliweka wazi hilo katika kesi ya Lewis dhidi ya Daily Telegraph, iliyoamuliwa mwaka 1963: katika sheria ya kashfa, kauli ya kusikia ni sawa na kauli ya moja kwa moja, na huwezi kukwepa kwa kutanguliza "nimeambiwa kwamba" au "kuna uvumi kwamba".

Kesi hiyohiyo, hata hivyo, ina upande wa pili unaopunguza makali. Magazeti yalikuwa yameripoti mwaka 1958 kwamba polisi wa City of London wanachunguza mambo ya kampuni moja. Wanajuri, yaani raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi, waliamuru fidia nono, lakini Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa, lilisema kesi isikilizwe upya: msomaji wa kawaida akisikia mtu anachunguzwa, hakati shauri kwamba ana hatia. Kwa hiyo namna ya kusema ina uzito wake. "Polisi wanamchunguza" ni dai dogo kuliko "inadaiwa ameiba". Ila na hilo dogo lazima liwe kweli.

Kinachomlinda mwandishi, basi, ni mahali tuhuma ilipotamkwa kuliko neno lililoibeba. Sheria ya Kashfa ya Kenya, Sura ya 36, inakinga taarifa ya gazeti iliyo sahihi na ya haki kuhusu mwenendo wa kesi mahakamani. "Upande wa mashtaka ulidai mbele ya hakimu kwamba..." ni sentensi yenye mwenyewe. Tuhuma ileile ikitoka kwa jirani kwenye kibanda cha chai haina kinga hiyo. Marekani wana ulinzi mpana zaidi, hasa habari ikiwa inahusu viongozi wa umma, lakini nao hawaupati kwa sababu ya "alleged".

Neno lenyewe ni la ajabu kidogo. Gari jekundu ni gari, lakini "alleged thief" huenda si mwizi kabisa. Kivumishi kimoja kinaweza kuifuta nomino yake. Ndiyo maana mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la AP unaonya lisitumike kwa tukio ambalo hakuna anayelibishia. Duka likivunjwa, mlango uko chini na rafu ni tupu, kuandika "wizi unaodaiwa kutokea" ni kumtukana mwenye duka. Wizi upo, kinachobishaniwa ni mwizi.

Na zamani halikuwa neno la kujificha hata kidogo. Kitenzi "allege" kiliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale, na maana yake ya mwanzo ilikuwa kutamka jambo kwa kiapo mbele ya mahakama. Kudai kwetu nako hakujatoka mahakamani: kesi ya madai ina mdai na mdaiwa wake hadi leo. Nje ya mahakama neno limebaki na deni lake pia, ndiyo maana nikiona kichwa cha habari "Mbunge adaiwa", kabla sijasoma zaidi hujiuliza: shilingi ngapi?